Fomu Ambayo Mwalimu Hakuisaini

Kumpa Mwalimu habari mbaya kulihitaji watu wawili. Mmoja alisimama mbele yake akaanza kueleza, mwingine alikaa nyuma kumzuia asiondoke. Kijijini kwetu, juu mlimani Meru, hilo lilijulikana kwa kila mtu, kuanzia mchungaji mpaka watoto wa shule ya Jumapili. Dada yake alipofariki, wazee wawili wa kanisa walimfuata wakamkuta akipogoa kahawa. Yule wa kwanza alipovua kofia tu, Mwalimu akaanza kuwaeleza habari za ugonjwa wa buni ulioingia mwaka ule. Akawapitisha mti kwa mti, kihamba kizima, shamba lote la nyumbani, mpaka wakatokea barabarani, na hapo ndipo wa pili alipomshika mkono wa koti akamwambia. Hakulia mbele yao. Alisema, "Mngesema mapema, nisingewatembeza hivyo."

Nilikuwa nalijua hilo tangu mdogo. Na bado siku yangu ilipofika, nilikwenda peke yangu.

Namwita Mwalimu kwa sababu sikuwahi kusikia mtu akimwita vinginevyo, hata mke wake, ambaye naye tulimwita Mama Mwalimu. Alifundisha hesabu shule ya msingi mpaka akastaafu, na alipostaafu tu watu wakamchagua kuwa mwenyekiti wa mfereji. Mfereji ndio unaotuletea maji kutoka mtoni. Juu kabisa kuna banio, ukuta mdogo wa mawe unaoyainua maji ya mto yaingie kwenye mfereji, na kutoka hapo yanashuka nyumba kwa nyumba, kwenye migomba na kahawa, kwa zamu. Zamu yako ikifika unaondoa udongo na magome ya migomba yaliyoziba mlango wako, ikiisha unaziba, mwenzako wa chini anafungua. Kazi ya mwenyekiti ni kuhakikisha kwamba ikiisha imeisha.

Kwa kazi hiyo hakuna aliyemfaa kama yeye. Alivaa saa ya mkononi yenye kioo kilichopasuka na hakukubali saa ya simu ya mtu yeyote. Nilimwona siku moja amesimama mlangoni kwa jirani yetu, mama mmoja mjane, jembe begani.

"Zamu yako imeisha dakika nne zilizopita," alimwambia.

"Mwalimu, mahindi yangu ya nyuma hayajaguswa hata kidogo."

"Yataguswa Alhamisi."

Akauziba mlango yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Kesho yake asubuhi, zamu yake mwenyewe ilipofika, aliyageuza maji yakaenda kwa yule mjane, na kahawa yake ikakaa kavu wiki nzima. Mama yule alipokwenda kushukuru, Mwalimu alimjibu kwamba hajui anazungumzia nini, labda mfereji umevuja.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Wema wake aliufanya kwa siri, ukali wake aliufanya hadharani, na watu walimwogopa kwa nusu moja na kumpenda kwa nusu nyingine bila kujua waanze na ipi. Kuna mwaka alisinzia kitini maji yakiwa kwake, yakapitiliza karibu saa nzima. Kamati ilipokutana, yeye ndiye aliyesimama akajishtaki, akajihukumu kusafisha mfereji siku mbili. Aliitumikia adhabu yake barabara, suruali imekunjwa mpaka magotini, huku akimlalamikia kila aliyepita kwamba adhabu ni kubwa mno kwa mtu wa umri wake na kwamba kamati haina huruma.

Darasani alinifundisha miaka mitatu na sikumbuki anisifu. Ukipata hesabu zote alikurudishia daftari na kusema, "Hujakosea." Basi. Tuliligombania neno hilo kama watoto wa siku hizi wanavyogombania simu. Na ukimletea jibu la kubahatisha, hakukuchapa, alisema, "Twende tukaone," akakutoa nje na kukupimisha uwanja kwa hatua mpaka uone mwenyewe kwa nini jibu lako haliwezekani. Hesabu zake nyingi nilizijifunza kwa miguu. Nadhani hata kuongea alijifunza kwa miguu, maana alikuwa hawezi kusimama mahali pamoja akamaliza sentensi tatu.

Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Mama ni mtu wa jembe, mkono wake unatetemeka akiwekewa karatasi mbele, kwa hiyo tangu hapo kila fomu yangu, ya shule, ya mtihani, ya mkopo, palipoandikwa "mzazi au mlezi" palikuwa na saini ya Mwalimu. Saini ndefu, yenye mkia unaopita mstari. Alizisaini akiwa amesimama, amegandamiza karatasi kwenye nguzo ya baraza, na kila mara alisoma kwanza kila neno, mpaka yale madogo ya chini kabisa ambayo hakuna anayeyasoma.

Nilipochaguliwa kwenda Dar es Salaam kusoma uhandisi wa maji, alibadilika. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona amefurahi waziwazi, na kusema kweli ilinitisha. Jumapili ile, wakati wa matangazo, alisimama kanisani akaomba nafasi. "Ndugu zangu," alisema, "mfereji wetu umepata mhandisi." Mzee wa kanisa akasema tupige makofi ya kilo, yakapigwa. Kuanzia siku ile Mwalimu hakuniita tena kwa jina langu. Alikuwa ananiita Mhandisi. Nikiwa sijaingia hata darasa moja la chuo, watoto njiani walikuwa wananiamkia, "Shikamoo Mhandisi."

Nacheka nikikumbuka, lakini hapo ndipo kosa letu lilipoanza, na nasema letu kwa sababu na mimi niliitikia.

Banio letu lilikuwa limechoka. Kila masika mawe yaliporomoka, na kila masika wanaume walipanda kuyapanga upya. Fundi mmoja kutoka Nduruma, huko chini tambarare mto unakoishia, alikuja akatazama, akasema anaweza kulijenga kwa saruji. Watu walikuwa tayari. Mwalimu akakataa. Alisema hatuwezi kumpa mtu baki kazi ambayo binti yetu anaisomea, tungoje miaka mitatu minne, ataijenga mwenyewe kwa kitaalamu. Kamati ikakubali kungoja. Nilipoambiwa habari hiyo kwenye simu nilijisikia vizuri kwa siku nzima.

Huko chuo, mambo hayakwenda. Nilikuwa nimezoea kukariri na kufanya mazoezi mpaka usiku wa manane, njia iliyonifikisha hapo, lakini mwaka wa pili njia hiyo ilikatika. Kulikuwa na somo la mwendo wa maji, somo ambalo kwa haki ya Mungu ndilo nilipaswa kulipenda kuliko yote, na mimi nilikuwa naingia darasani naandika kila kitu na kutoka bila kuelewa chochote. Nilikuwa na masomo mawili ya kurudia tangu mwaka wa kwanza. Alama za majaribio zilipobandikwa, nilizitafuta kuanzia juu kwa mazoea, kisha nikajifunza kuanzia chini. Sikumwambia mtu. Mwalimu alipopiga simu kuuliza, nilimwambia, "Tunaendelea vizuri."

Mshauri wangu wa masomo, mwanamama mpole aliyezoea kuona machozi ofisini kwake, aliniita wiki chache kabla ya mtihani wa mwisho wa mwaka. Aliniwekea karatasi mbili mezani, moja ya alama zangu, nyingine fomu tupu.

"Nakuambia kama mwanangu," alisema. "Ukiahirisha mwaka sasa, unatoka mwenyewe na mlango unabaki wazi. Mwakani unarudi, au unahamia kozi nyingine, diploma hata. Ukiingia kwenye mtihani na alama hizi, unadisko, unafukuzwa chuo. Na ukishadisko, mimi sina cha kukusaidia."

"Naweza kufikiria?"

"Fikiria. Lakini mwisho wa kupokea fomu ni Ijumaa. Na inahitaji saini ya mlezi."

Ilikuwa Jumatatu. Jumanne nilipanda basi la Arusha. Njia nzima nilipanga maneno, nikayapunguza, nikayapanga tena, mpaka yakabaki machache tu: Mwalimu, nimeshindwa, naomba unisainie. Niliyasema kimya kimya kila basi liliposimama. Yule mshauri alikuwa sahihi na nilijua yuko sahihi. Nilikuwa nimeshaamua kuahirisha. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu miaka iliyofuata nilijidanganya kwamba sikuwa na uhakika.

Mama alinisikiliza akiwa anamenya ndizi. Nilipomaliza akasema, "Mimi sina neno, mwanangu. Kama mzigo umekuzidi, utue. Lakini Mwalimu asije akasikia kwa watu. Nenda ukamwambie wewe, akusainie."

"Nitakwenda kesho asubuhi."

"Nikusindikize?"

Nikasema hapana. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, niliona aibu kupelekwa na mama yangu kama mtoto aliyevunja kioo. Mama hakunilazimisha.

Basi Jumatano asubuhi nikafika kwa Mwalimu, fomu nimeikunja mara moja nikaitia kwenye mkoba. Mama Mwalimu alinipokea jikoni kwa furaha, akanimiminia loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando kwenye kikombe kikubwa, akaniambia nikae. Sikukaa. Mwalimu alikuwa ametokea upande wa zizi, kofia kichwani, na aliponiona alisimama kidogo akinitazama, akarudi zizini, kisha akaja.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Mhandisi. Umekuja wakati wenyewe hasa. Twende tukaone."

"Mwalimu, kuna jambo nilitaka—"

"Utaniambia tukitembea."

Tukapanda kuelekea kwenye banio. Ni mwendo wa saa nzima, njia nyembamba kando ya mfereji, yeye mbele mimi nyuma, na tangu tulipotoka getini mpaka tulipofika hakunyamaza. Alinionyesha kila mahali mfereji ulipovuja na kunitajia umevuja tangu mwaka gani. Alinieleza mawe ya aina gani yako mtoni na yapi yanafaa. Aliniuliza maswali na kuyajibu mwenyewe. Mara mbili nilisema, "Mwalimu," na mara mbili aliinua mkono kunionyesha kitu. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba muda wote, vidole vimeshika ile fomu mpaka ikalowa jasho.

Kwenye banio tuliwakuta wazee watatu wa kamati. Wakati ule sikujua kama aliwaita au walikuwa pale kwa kazi zao. Mwalimu aliniweka katikati yao. "Huyu hapa," aliwaambia. "Mlikuwa mnaniuliza tutangoja mpaka lini. Mwulizeni mwenyewe."

Mmoja wao, mzee mwenye fimbo, aliniuliza kwa upole kabisa, "Itakuwa mwaka kesho kutwa, binti yangu?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee."

Hilo ndilo neno pekee nililolisema juu ya mambo yangu siku ile. Tukashuka. Wakati wa kushuka Mwalimu aliongea zaidi ya wakati wa kupanda, akiwa anahema, mzee wa watu, na hata alipojikwaa aliendelea kuongea akiwa amepiga goti moja chini. Tulipofika kwake aliingia getini mbele yangu, akageuka, akasema, "Nenda ukasome, Mhandisi. Basi lisikuache." Akalifunga geti akaenda zake nyuma ya nyumba. Ningeweza kubisha hodi. Geti lenyewe lilikuwa la mbao, unalisukuma kwa kidole. Nilisimama pale mpaka kuku wa Mama Mwalimu wakaja kunizunguka wakidhani nina mahindi, kisha nikaenda nyumbani, nikamwambia mama kwamba Mwalimu amesema niendelee.

Mama akasema, "Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo."

Kwa hiyo nilimdanganya mama pia. Ijumaa ilipita nikiwa maktaba, nimefungua kitabu ukurasa uleule tangu asubuhi. Saa kumi jioni ofisi ya mshauri ilifungwa, nikajikuta nimepata nafuu, kama vile mtu mwingine ameniamulia. Nikafanya mtihani. Nikadisko, mimi na wenzangu wanne, majina yetu yamepangwa kwa alfabeti.

Nasikitika mpaka leo, na masikitiko yenyewe hayako mahali ambapo watu wanadhani. Sisikitiki kwamba sikuwa mhandisi. Nadhani nisingekuwa mhandisi mzuri. Ninachosikitikia ni kwamba mlango ulikuwa wazi, niliambiwa uko wazi, nikatembea saa mbili mlimani na ufunguo mkobani kisha nikarudi nao.

Sikurudi kijijini kukaa. Nilipanga chumba Kijenge, mjini Arusha, nikapata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, upande wa mabomba na matenki. Nilimwomba mama awaambie watu kwamba niko kampuni ya maji, na mama, ambaye hajawahi kusema uongo kwa faida yake, akausema kwa ajili yangu. Krismasi nilipanda nyumbani, kanisani nikakaa kiti cha mwisho na kutoka kabla ya matangazo. Mwalimu nilimsalimia kwa mbali. Naye, sasa naelewa, alikuwa anahakikisha kwamba tunasalimiana kwa mbali.

Banio halikungoja. Masika ya mwaka wa nne yalilibeba lote, mawe yakaenda zake bondeni, na miezi miwili mfereji ulikuwa mkavu. Kahawa za watu zilidondosha maua. Yule fundi wa Nduruma alishapata kazi kwingine. Mama alinisimulia haya kwenye simu, na hakusema kwamba ni kwa ajili yangu. Mwishowe kijiji kiliamua kuachana na mfereji wa udongo na kuvuta mabomba, nyumba kwa nyumba, kila mtu na koki yake. Mwalimu akabaki mwenyekiti wa kitu ambacho hakihitaji tena mtu mwenye saa.

Mwaka huu, masika yalipokuwa yanaisha, alikuja dukani. Ilikuwa saa nne asubuhi, nilikuwa namhesabia mteja mmoja viungo vya bomba, nikainua macho nikamwona amesimama mlangoni, kofia mkononi, amekonda. Hakuwa mtu wa kuja mjini. Nilitaka kuinama chini ya kaunta. Naona haya kusema hivyo, lakini magoti yalishaanza kukunjika.

Akaniita kwa jina langu. Nilikuwa sijalisikia mdomoni mwake tangu niko kidato cha sita.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Mama yako ndiye aliyenielekeza. Usimlaumu, nilimsumbua sana."

"Unahitaji vifaa? Vya koki?"

"Sihitaji kifaa." Alikuja mpaka kaunta akaweka mikono yake miwili juu yake, akasimama. Sikuwahi kumwona amesimama hivyo. "Siku ile ulipokuja, niliiona."

"Uliona nini, Mwalimu?"

"Karatasi. Ilichomoza kwenye mkoba wako, pembe yake. Mimi nimesaini fomu zako zote, ningeshindwaje kuijua fomu? Na mtu haji kutoka Dar katikati ya wiki, kabla ya mtihani, kunywa loshoro. Nilijua umekuja kusema nini. Nikasema moyoni, nikimtembeza, nikiongea, hataitoa. Wale wazee watatu niliwaita mimi, kwa simu, wakati wewe unasalimiana na mama pale jikoni. Nilifanya makusudi."

Yule mteja alikuwa ameacha kuchagua viungo vyake, anatutazama. Hasira ilinijia, nisiseme uongo, hasira ya miaka sita. Halafu nikakumbuka kwamba geti lilikuwa la mbao.

"Ungefanya nini, Mwalimu, kama ningeitoa?"

Aliwaza. Aliwaza kweli, kama alivyokuwa anawaza mtoto akimletea jibu asilolitegemea.

"Ningekasirika," alisema. "Siku mbili. Mama Mwalimu angenisema, nisingekula. Siku ya tatu ningeisaini."

"Mwisho ulikuwa Ijumaa."

"Basi ningeisaini Alhamisi, nikiwa bado nimekasirika." Akatazama mikono yake. "Nimekuja kukuomba msamaha, mwanangu. Nimekuja peke yangu."

Nilimwambia kwamba hata mimi nina makosa, kwamba nilikuwa na mdomo na miguu na siku nzima. Akatikisa kichwa, hakutaka kuligawa kosa. Nikazunguka kaunta nikamletea kile kiti cha plastiki tunachowapa wateja, na kwa mshangao wangu akakikalia. Mimi nikabaki nimesimama mbele yake. Hapakuwa na fomu tena, niliichana siku ile ya Ijumaa, na hapakuwa na mtu nyuma yake wa kumzuia asiondoke.

Nikamwambia, "Mwalimu, nilikuwa nashindwa." Nikamweleza yote, kuanzia somo la mwendo wa maji, alama zilivyokuwa, nilivyojifunza kuzitafuta kuanzia chini, simu zake nilizozijibu kwa uongo, mpaka majina matano yaliyopangwa kwa alfabeti. Ilichukua muda mrefu, na wateja wawili walikuja wakaondoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hakunikatiza hata mara moja.